Uso Ulionuna Kwenye Boksi

Kwetu Ndalu, siku huanza na kuku. Mama huwafungulia banda. Baba huenda kuangalia mahindi. Mdogo wangu Mukhwana, mwenye miaka minane, huwasalimia kuku mmoja mmoja. Huwasalimia kwa sababu nilimwambia kuwa kuku asiyesalimiwa hatagi. Nilimwambia hivyo kwa uso wa mhubiri. Mayai hayajapungua, kwa hiyo sikuona haja ya kumsahihisha.

Mimi ni Nelima. Niko kidato cha pili katika shule ya bweni karibu na Kitale. Nyumbani, mtu wa bweni ni mtu mkubwa. Barua ikija, inaletwa kwangu. Simu ikiingiza ujumbe wa Kiingereza, inaletwa kwangu. Baba husema, "Mpelekee Nelima. Yeye amesoma." Nami hukaa wima, hukunja uso, kisha hutoa jibu. Nisipolijua jibu, hutoa jibu vilevile. Hilo ndilo kosa langu, na hadithi hii inalihusu.

Kitinda mimba wetu ni Sifuna. Ana miaka miwili na miezi mitatu. Akiokota kitu, hukitia mdomoni kwanza, kisha hukitoa akakitazama.

Likizo ya Agosti, Baba alikwenda Kitale kutafuta spea ya pampu ya dawa. Alirudi bila spea. Alirudi na boksi.

"Nimewaletea kitu cha kuchezea," alisema. "Cha jamii nzima."

Ndani ya boksi mlikuwa na trekta nyekundu ya plastiki. Ilikuwa na taa zinazowaka na trela nyuma. Juu ya trela palikuwa na magunia kumi meupe ya plastiki. Kila gunia lilikuwa dogo kama njugu.

"Ngoja kwanza nijaribu kama inafanya kazi," alisema Baba.

Alijaribu kwa nusu saa. Alivuna meza yote. Alivuna na kiti cha Kukhu, yaani nyanya yetu, Kukhu akiwa bado amekikalia.

Mama alikuwa ameshika boksi. "Hapa kuna picha," alisema. "Hii ni ya nini?"

Tulisogea. Ilikuwa duara jekundu. Ndani yake palikuwa na uso wa mtoto aliyenuna. Chini ya uso paliandikwa 0-3. Mstari mwekundu ulipita juu ya vyote.

"Ni matokeo ya mpira," alisema Mukhwana. "Walifungwa tatu bila. Ndiyo maana amenuna."

"Mpe Nelima," alisema Baba. "Yeye amesoma."

Nililipokea boksi. Sikuwahi kuiona alama hiyo maishani mwangu. Lakini wote walikuwa wamenyamaza wakinisubiri. Kusema "sijui" mbele ya watu walionyamaza ni kazi ngumu. Nikakunja uso.

"Hii ni alama ya kimataifa," nilisema. "Inasema sifuri hadi tatu. Yaani mtoto mchanga mpaka wa miaka mitatu."

"Na huo mstari?" aliuliza Mama.

"Huo ni mkanda. Wa usalama."

"Na mbona amenuna?"

"Bado hajanunuliwa trekta."

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnaona? Basi ni ya Sifuna kabisa."

Sifuna akapewa trekta.

Siku ya tatu asubuhi, Mukhwana alipanga magunia juu ya mkeka. Akayahesabu. Akayahesabu tena.

"Ni tisa," alisema. "Nelima, umeficha moja?"

"Mimi?"

"Si wewe ndiye huficha vitu?"

Hilo lilikuwa kweli. Lakini siku hiyo sikuwa nimeficha kitu. Kukhu alikuwa akimtazama Sifuna. Shavu moja la Sifuna lilikuwa limevimba.

"Huyu anakura nini?" aliuliza Kukhu.

"Kukhu, sema anakula," alisema Mukhwana.

"Ndio nasema, anakura. Anakura nini?"

Kukhu hakungoja jibu. Alimshika Sifuna kidevu, akaingiza kidole mdomoni mwake. Sifuna alishtuka. Akavuta pumzi kwa nguvu. Akaanza kukohoa. Uso wake ukawa mwekundu, macho yakajaa machozi. Kukhu akazidi kusukuma kidole.

Wakati huo Mwalimu Chepkemei alikuwa anaingia uani. Ni jirani yetu, anayefundisha chekechea. Kwao ni Kapsokwony. Kila asubuhi huja kwetu kuchukua maziwa. Aliweka kibuyu chini, akaja mbio.

"Kukhu, toa kidole," alisema. "Tafadhali, toa. Unaweza kukisukuma ndani zaidi."

"Mtoto anakufa," alisema Kukhu.

"Anakohoa. Anayekohoa kwa sauti bado anapumua. Mwache akohoe."

Alipiga magoti. Alimwinamisha Sifuna mbele, mkono wake mmoja ukiwa kifuani pa mtoto. "Kohoa, baba. Kohoa tena. Vizuri. Tena."

Mimi nilisimama tu.

Sifuna akakohoa mara ya mwisho. Gunia jeupe likaanguka kwenye udongo. Kisha akalia. Siku nyingine kilio chake hunikera. Siku hiyo kilinipendeza kuliko kwaya ya kanisa.

Mama alimbeba, akamkumbatia. "Na kama asingekohoa?" aliuliza.

"Kama hawezi kukohoa, hawezi kulia, au hawezi kupumua, hapo usingoje," alisema Mwalimu. "Mtoto wa umri wake, unamlaza juu ya paja, kichwa kikielekea chini. Unampiga mgongoni, katikati ya mabega, kwa kisigino cha kiganja. Mara tano, kwa nguvu. Na mwingine awe anaita msaada. Kidole unaingiza tu kama unakiona kitu na unaweza kukishika. Usipapase gizani. Sasa mpeleke zahanati, wasikilize kifua. Hata kama anacheka."

Mama alikwenda palepale. Kabla ya saa sita walikuwa wamerudi. Kifua kilikuwa safi. Sifuna alikuwa ameomba ndizi mbili njiani.

Jioni Mwalimu alirudi kutujulia hali. Baba alikuwa ameketi na boksi magotini.

"Mwalimu, hiki kitu kinasema ni cha mtoto mdogo," alisema. "Alama hii hapa. Ilisomwa."

Mwalimu aliitazama. "Ilisomwa na nani?"

Baba aliligeuza boksi. Mama akakunja leso. Mukhwana aliangalia paa. Hakuna aliyetaja jina langu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Na mimi," nilisema. "Sikuijua. Nilitunga."

"Na mkanda?" aliuliza Mukhwana.

"Na mkanda pia."

Mukhwana alifikiri kidogo. "Na kuku?"

"Ya kuku tutaongea baadaye."

Baba hakunifokea. Heri angenifokea. Aliliweka boksi chini taratibu. "Nelima," alisema. "Sasa nikikuuliza kitu kesho, nitajuaje kama umesoma au umetunga?"

Sikuwa na jibu. Na kwa mara ya kwanza, sikutoa lolote.

Mwalimu aliweka kidole juu ya alama. "Mstari unaokata picha una maana ya hapana," alisema. "Kama lile bango la kukataza sigara. Alama hii inasema mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa mdomo, na koo lake ni jembamba. Si kosa la trekta. Ni umri tu."

"Na kama boksi halina alama?" aliuliza Mama. "Vitu vingi vya sokoni havina hata boksi."

"Tutapima wenyewe. Nelima, una tishu ya shule?"

Nilikuwa nimenunuliwa roli kumi za tishu ya choo za muhula ujao. Nilimpa ile ya muhula uliopita, iliyokaribia kuisha. Alimaliza kuifungua, akabaki na kile kibomba cha karatasi ngumu cha katikati.

"Kitu kikipita hapa ndani, ni kidogo mno kwa Sifuna," alisema.

Nyumba ikageuka maabara. Mukhwana aliingiza gunia, likapita. Aliingiza bano yake, yaani gololi ya kioo, ikapita. Kifuniko cha soda kikapita. Mwalimu akavuta gurudumu la trekta kwa nguvu. Liling'oka, nalo likapita.

"Vuteni kila kitu kabla ya mtoto kukivuta," alisema. "Macho ya mwanasesere, vifungo, magurudumu. Kitakachotoka kwenu, kwake kitatoka haraka zaidi. Na betri iko wapi?"

Baba alimwonyesha. Ilikuwa betri ya duara, ndogo kama kifungo cha shati.

"Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mtoto akiimeza, huchoma ndani. Ni hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Kifuniko chake kifungwe kwa skurubu."

Kukhu alileta gunzi la mahindi. "Sisi turichezea hii," alisema. "Hakuna betri."

Mwalimu akalijaribu gunzi. Lilipita lote bila kugusa pembeni. Kukhu alilitazama kama ndugu aliyemsaliti.

"Basi trekta niirudishe Kitale?" aliuliza Baba. Alisikika kama mtu aliyefiwa.

"La. Ni ya Mukhwana. Umri wake unatosha. Acheze mezani, Sifuna akiwa amelala au ameshikwa. Akimaliza, ahesabu magunia kumi na kuyaweka kwenye mkebe juu ya kabati."

"Na mimi?"

"Wewe pia umri unatosha, Baba Nelima. Lakini omba ruhusa kwa mwenye trekta."

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sasa Sifuna atacheza na nini?" aliuliza.

"Wewe unaona anapenda nini?"

Mama alifikiri. "Kutia vitu ndani na kuvitoa. Jana alitia viatu vyangu kwenye karai, akavitoa, akavitia tena. Asubuhi nzima bana."

"Basi mpe karai. Mpe vikombe vikubwa vya plastiki, sufuria na mwiko. Mtoto hacheki kwa sababu kitu kimetoka dukani. Hucheka kwa sababu uko naye. Mimi nina watoto thelathini darasani na sina betri hata moja. Lakini Baba Nelima alisema anataka mchezo wa jamii nzima, na hilo ni wazo zuri. Mchezo wa jamii nzima uwe ule ambao mdogo anaweza na mkubwa hachoki."

"Kati," alisema Mukhwana.

Kwa asiyeijua kati, wawili husimama huku na huku wakirusha mpira. Aliye katikati hukwepa. Akiguswa na mpira, ametoka. Tulihitaji mpira laini. Nilitoa soksi yangu ndefu ya shule, Mama akaijaza matambara na kuishona mdomo. Kukhu aliuvuta mshono kwa mikono miwili. Haukuachia. Tukaujaribu mpira kwenye kibomba. Haukuingia hata pua.

Jumapili baada ya kanisa tulicheza uani. Baba aliingia katikati na gambuti zake, viatu vya mpira vya shambani. Alikwepa mara saba, akaanza kujisifu, Mama akampiga mgongoni.

"Ametoka," alisema Kukhu. Alikuwa refa.

"Haukunigusa," alisema Baba.

"Wakoli, mimi ndiye nirikuzaa. Toka."

Sifuna naye alirusha mpira. Uliangukia miguuni pake. Tulimpigia makofi, akaurusha tena, na tena. Hakutafuta mawe ya kutia mdomoni. Hakuwa na nafasi.

Lakini kwa wiki mbili Baba hakuniuliza kitu. Karatasi ya dawa ya ng'ombe alimpelekea Mwalimu. Ujumbe wa simu aliusoma mwenyewe, polepole, akisogeza midomo. Nilikaa wima bure. Mukhwana nilimweleza ukweli kuhusu kuku. Alisema ataendelea, kwa sababu wameshazoea.

Kisha asubuhi moja Baba aliniita. "Vaa viatu. Tunaenda Bungoma. Senge Phelista ana mtoto wa miezi kumi na hatujampelekea kitu." Senge ni shangazi, dada yake Baba.

Kwenye kibanda cha vichezeo sokoni Bungoma, mwuzaji alitikisa kayamba ndogo ya plastiki. Ilikuwa na mbegu ndani na rangi nyingi. Haikuwa na boksi.

"Hii watoto wanaipenda sana," alisema.

Baba aliigeuza mkononi. Kisha akanigeukia. "Nelima, hii ni ya umri gani?"

Wote wawili walinyamaza wakinisubiri. Sikukunja uso.

"Sijui," nilisema. "Haijaandikwa. Ngoja niangalie."

Niliibinya. Plastiki ilikuwa nyembamba, na ufa ulikuwa umeanza pembeni. "Ikipasuka, mbegu zitamwagika mdomoni," nilisema. "Tuiache."

Nilitoa kibomba mfukoni, nikaanza kupima vitu vingine.

"Ati unatembea na tishu?" aliuliza mwuzaji.

"Mwache apime," alisema Baba.

Mwishowe nilipata vikombe vinane vya plastiki vinavyopangwa kimoja ndani ya kingine. Hata kidogo kuliko vyote hakikuingia kwenye kibomba. Boksi lilikuwa na maandishi.

"Inasema kuanzia miezi sita," nilisema.

"Umesoma au umetunga?"

"Nimesoma. Hapa."

Baba aliyafuata maandishi kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akatoa pesa.

Kwa Senge, mtoto alivipokea vikombe kwa mikono miwili. Alivigonganisha. Alikitafuna kimoja pembeni, hakikuingia mdomoni. Alivipanga viwili. Cha tatu alikirusha kikavuka meza nzima, kikatua ndani ya chai ya Baba.

Senge alicheka mpaka akashika kiti. "Nani alichagua hii zawadi?"

Baba alipangusa chai kwenye shati lake. Alikitoa kikombe, akakifuta, akamrudishia mtoto.

"Ni Nelima," alisema. "Nilimuuliza, akasema hajui. Halafu akaangalia."