Karatasi ya Mawingu ya Salama

Kila siku saa kumi alasiri, Salama alisimama katikati ya uwanja wa shule, akaigawa mbingu kwa macho mafungu manane, kisha akaandika mawingu yamefunika mafungu mangapi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, binti wa Papa Jumaa, karani wa bandari ya Albertville, mji ambao leo tunauita Kalemie. Kazi hiyo aliionea fahari kweli kweli.

Mwaka ule wa 1963, satelaiti ndogo ilikuwa ikiizunguka dunia na kupiga picha za mawingu. Ilikuwa bado changa kazini. Wataalamu waliona baka jeupe kwenye picha, wasijue kama ni wingu, moshi wa mbuga zinazoungua, au kioo cha kamera kimechafuka. Ndiyo maana waliomba watu wa huku chini watazame juu na kuandika. Karatasi ya Salama iliondoka kila Ijumaa kwa treni ya posta.

Lakini Septemba ilikuwa kavu, na mbingu ya kiangazi inachosha. Sifuri, sifuri, sifuri, wiki tatu nzima! Jumatatu, baada ya kuangalia, Salama akajiona mjanja. Akajaza sifuri mpaka Alhamisi, kisha kuanzia Jumanne kila alasiri akaenda ziwani na rafiki yake Alphonsine kuanua ndagala, wale samaki wadogo walioanikwa mchangani.

Alhamisi, wakiwa ufukweni, upepo uligeuka. Mawingu mazito yakapanda kutoka upande wa milima, yakafunika nusu ya mbingu. Salama aliingiwa na hofu.

"Nyamaza tu," Alphonsine alimwambia. "Nani atajua? Ile satelite haina mudomo."

Ushauri ulikuwa mtamu, lakini Salama hakuufuata. Ijumaa asubuhi alimkuta Mwalimu Adalbert, aliyezituma karatasi zake, akifunga bahasha.

"Mwalimu, ile karatasi njo ya uongo. Niliandika mbele ya siku kufika. Jumanne na Jumatano sikuangalia hata kidogo. Jana niliona mawingu, mafungu manne."

Mwalimu alivua miwani. Salama alijua kazi imeshamponyoka.

"Kata hizo sifuri. Jumanne na Jumatano andika 'sikuangalia'. Jana andika ulichokiona."

"Watanicheka, Mwalimu."

"Wakucheke. Andika."

Akaandika huku masikio yakiwaka moto.

Baada ya mwezi barua ya wataalamu ikaja, na Mwalimu akaisoma mbele ya darasa la sita. Picha ya Alhamisi ile ilikuwa na baka jeupe juu ya ziwa. Vituo viwili vya jirani viliandika sifuri. Albertville peke yake iliandika wingu. "Tumeiamini karatasi yenu," barua ilisema, "kwa sababu mtu anayekubali kuandika 'sikuangalia' hawezi kutuandikia wingu ambalo hakuliona."

Alphonsine alipiga makofi kuliko wote.

"Mumesikia, watoto wangu?" Mwalimu akasema. "Salama alikosa, tena vibaya. Lakini alisema ukweli kabla treni haijaondoka. Usipoona, sema hukuona. Hapo siku ukisema umeona, watu watakusadiki. Haya, saa kumi imefika. Salama, toka nje!"

Salama akatoka mbio. Mawingu yalifunika mafungu matatu. Aliyahesabu mara mbili ndipo akaandika.