Miwani Iliyopofuka

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na mbili, mwishoni mwa kiangazi, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mama yake Kitinda alikuwa amekwisha kushona mashati ishirini na sita ya sare, na mengine kumi na manne yalikuwa yakimngoja. Kila alfajiri alitia makaa katika pasi, akavaa miwani, akaketi kwenye cherehani. Kila jioni aliinuka ameshika kiuno, akasema, "Uchovu huu si wangu peke yangu. Nimebeba na wa jirani."

Kitinda, binti yake wa miaka kumi na miwili, alikata nyuzi na kupachika vifungo. Jina hilo alipewa kwa kuwa ndiye kitinda mimba.

Alasiri moja mama alijilaza kwa kuumwa kichwa, akaacha miwani mezani. Kitinda akafungua mkoba wa mama mdogo, aliyeishi nao na kufanya kazi ya kupaka watu rangi za kucha. Akachukua kichupa chekundu, ingawa mama alikwisha kumkataza. Alipofika ukucha wa tatu, tone likaanguka juu ya miwani.

Alijua kwamba mama mdogo hutoa rangi kwa asetoni, maji yale meupe yenye harufu kali. Akalowesha kitambaa, akafuta. Tone likatoka mara moja! Akafurahi, akasugua na upande wa pili uliokuwa na alama za vidole, kisha akafuta kucha zake na kurudisha kila kitu mahali pake. Baadaye ndipo alipotazama vizuri: miwani yote ilikuwa imefunikwa na weupe kama ukungu. Akaifuta kwa maji, akaifuta kwa sabuni. Ukungu haukutoka. Akanyamaza.

Kesho yake mama alivaa miwani, akaivua, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Siku ya tatu alishona mikono ya mashati manne nje ndani. Aliyaweka magotini, akayapapasa kwa vidole.

"Mama yangu alianza hivihivi," alimwambia mama mdogo jioni ile, kwa sauti iliyochoka. "Kwanza ukungu, kisha giza. Nitafutie mtu wa kuinunua cherehani."

"Nani ataiweza, dada? Inakujua kwa nyayo zako!" mama mdogo alitania, lakini hakuna aliyecheka.

Kitinda alikuwa ameshika kifungo. Kikamponyoka, kikabingirika hadi chini ya meza.

"Mama, macho yako ni mazima," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Niliifuta miwani kwa asetoni."

Mama mdogo aliinyanyua miwani dirishani, akaitazama kwa muda. "Dada, kweli. Iliyopofuka ni miwani." Kisha akamgeukia Kitinda. "Uliifutia wapi?"

"Hapa mezani."

"Na pasi ilikuwa wapi?"

Kitinda akaonyesha kwa kidole. Pasi ya makaa ilikuwa hatua moja tu kutoka pale. Mama mdogo akakaa kitako.

"Sikiliza, mwanangu. Asetoni huyeyusha rangi, ndiyo maana tunaitumia. Lakini haichagui: huyeyusha na plastiki nyingi, na vioo vya miwani hii ni vya plastiki. Tena hugeuka mvuke upesi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na moto. Cheche moja ingetosha kuiteketeza nyumba hii, na mama yako amelala. Ndiyo maana huwa nafungua madirisha, nakaa mbali na moto, nafunika chupa kila ninapochovya. Nami nina kosa: kuanzia leo mkoba wangu utakaa kabatini, chini ya kufuli."

Mama akaichukua miwani, akaiweka magotini. Akasema, "Miwani imeharibika kwa dakika moja, hiyo ni bahati mbaya ya mtoto asiyesikia. Lakini siku tatu umeniona nikiyaaga macho yangu, nawe ukanyamaza. Hilo ndilo kosa. Ukweli uliocheleweshwa huumiza kila siku unayoulaza. Umeninyima macho, basi utanilipa macho."

Mtengeneza miwani aliomba siku kumi. Siku zote hizo Kitinda alitunga uzi katika sindano, akasoma vipimo kwa sauti, na kuongoza kitambaa huku mama akikanyaga cherehani. Mikono minane iliyoshonwa vibaya aliifumua mwenyewe, uzi baada ya uzi, mpaka ncha za vidole zikamwuma.

Siku ya kumi mama alivaa miwani mpya. Alichukua shati la arobaini, akalikagua mshono kwa mshono, kisha akamrudishia binti yake.

"Mkono wa kushoto umebaki na uzi mmoja," alisema.

Kitinda akachukua mkasi, akaukata.

"Haya," mama akasema, akiinuka ameshika kiuno. "Sasa hatudaiani."