Bibi Temperance Aliyetangulia Harusi

Haya yote ni kweli tupu, sijatia chumvi hata punje. Mkinikamata nimedanganya, nitapika chapati za mtaa mzima.

Mwaka 2003 Mzee Balbir, karani mstaafu wa reli kutoka Nakuru, aliishi Queensbury, London, na binti yake Rupa. Rupa alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe alikuwa Mmarekani, na Jumamosi mama mkwe wa Rupa angefika na kitabu cha ukoo wao. Ukoo ulianzia kwa Temperance, bibi aliyehamia Amerika enzi za ukoloni wa Waingereza. Wazazi wake hawakujulikana. Rupa alitaka kumpa mtoto jina hilo.

"Hao wazazi niachieni mimi," Balbir alijigamba.

Akaenda maktaba ya kumbukumbu, akanakili mistari miwili ya daftari la kanisa. Wazazi walioana Aprili 1619. Temperance alibatizwa Februari 1619.

Nyumbani, chai ilimpalia.

"Rupa, bibi huyu alitangulia harusi ya wazazi wake."

"Baba! Mama mkwe ni mtu wa kanisa. Jina hilo hatalitaka tena."

"Basi hiyo harusi naipeleka 1618. Nani atajua?"

"Mimi," alisema jirani yao Dinah, akiingia kurudisha sufuria. Alifanya kazi maktaba ileile. "Weka kalamu chini, mzee. Kumbukumbu hunakiliwa kama ilivyo. Saa ya ukutani ikionyesha saba asubuhi, kwa Kiswahili ni saa ngapi?"

"Saa moja."

"Nani amekosea?"

"Hakuna. Kila mtu ana pa kuanzia kuhesabu."

"Na mwaka wa Waingereza wa zamani ulianza tarehe ishirini na tano Machi, hadi sheria ilipobadilishwa. Februari ilikuja mwishoni."

Balbir alihesabu kwa vidole: Aprili, Mei, Juni... "Miezi kumi! Bibi ana heshima zake!"

"Andika 1619/20, yaani 1619 kwa hesabu yao na 1620 kwa yetu, kila msomaji aelewe."

Jumamosi mama mkwe aliandika hivyo kitabuni, akamkumbatia Balbir mpaka kilemba kikalegea.

Temperance Kaur alizaliwa tarehe ishirini na nne Machi, siku ya mwisho ya mwaka ule wa kale.

Sasa Rupa ameisoma karatasi hii.

"Baba, ya kalenda ni kweli. Lakini mwanangu alizaliwa Julai."

Haya. Unga uko wapi?