Mla Majani Katika Friji ya Nei Teekoa

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha chai, Nei Teekoa alikagua kabichi zake za Kichina. Alikuwa amezipanda katika friji mbovu iliyolazwa chali nyuma ya nyumba, na katika ndoo nne zilizotobolewa chini. Visiwa vya Tarawa Kusini ni mchanga mtupu. Anayetaka udongo huutengeneza mwenyewe, kwa majani, kinyesi cha nguruwe na subira. Kwa hiyo hakuna jani linalotupwa. Nei Teekoa aliyazika yote palepale, mazima na yaliyoliwa.

Siku hizo yaliyoliwa yalikuwa mengi.

Mumewe, Ten Burentau (kwao Ten ni Bwana, Nei ni Bibi), alikuwa na kidonda mguuni kisichofunga. Muuguzi alikuwa amesema sukari lazima ishuke: ameze dawa, apunguze wali, ale mboga za majani kila siku. Mboga za dukani zilikuja na meli, na meli ilikuja ilipopenda. Tegemeo lao lilikuwa friji.

"Leo tunakula mifupa," alisema Burentau, akitazama jani lililobaki mshipa wa katikati tu.

"Ni kuku wa jirani."

"Kuku gani anaacha mshipa? Huyo amesoma."

"Basi ni hawa." Alimwonyesha kiwavi mdogo wa kijani. "Nimeua thelathini tangu Jumatatu."

"Na kabichi zimepata nafuu?"

Teekoa akageuza jani jingine.

Asubuhi hiyo jirani yao, Nei Kamwatie, mfanyakazi wa bustani ya serikali, alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Nasikia kuku wangu wameshitakiwa," alisema, akainama juu ya friji. "Mguse huyo mdogo."

Teekoa akamgusa. Kiwavi akajipinda, akarudi nyuma upesi, akaning'inia kwa uzi mwembamba.

"Huyo ni mtoto wa nondo mdogo wa kijivu. Hutoboa vitundu, au hukwangua jani upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba tu. Hamalizi jani."

"Lakini wako wengi, dada."

"Wakiwa wengi utaona vitundu vingi. Sasa tazama kinyesi hiki kwenye jani. Punje moja ni kubwa kuliko kichwa chake. Hiyo haiwezekani, hata kwa mumeo."

"Nipo hapa," alisema Burentau.

Kamwatie alichukua kijiko, akafukua taratibu karibu na shina. Akatokea kiwavi mnene, wa kahawia iliyokolea, mwenye madoa meusi mgongoni, amejikunja kama pete.

"Mchana hulala udongoni. Jua likizama hupanda kula. Wewe unakuja asubuhi, unamkuta mdogo, unamhukumu peke yake."

"Ameingiaje humu?"

Kamwatie aliinua jani lililozikwa nusu. Chini yake palikuwa na kibonge kama pamba chafu. "Haya ni mayai. Nondo huyafunika kwa manyoya yake. Yanaweza kuzidi mia. Nani alilizika?"

"Jani halitupwi," alisema Teekoa kwa uthabiti.

"Halitupwi. Lakini hili lina watoto, nawe umewatandikia kitanda. Lililoliwa mpe nguruwe, au lifunge katika mfuko mweusi juani mpaka lioze. Kila asubuhi geuza majani, ponda mayai, fukua kando ya mashina. Ukishawamaliza, funika kwa chandarua kikuukuu nondo wasitage tena. Usifunike kabla, utawafungia ndani na chakula chao."

"Na dawa ya kupuliza?"

"Ya nini? Hadi leo hukumjua wa kumpulizia, na sasa mikono inatosha."

Siku hiyo Teekoa alifukua viwavi kumi na saba. Siku ya nne alipata mmoja. Siku ya nane hakupata, akatandaza chandarua.

Wiki sita baadaye muuguzi alipima sukari ya Burentau, ilikuwa imeshuka. Hakusema ni kabichi peke yake, kwa kuwa dawa nazo zilikuwa zimemezwa. Alisema kidonda kimeanza kufunga, na waendelee hivyohivyo.

Jioni Burentau aliitazama sahani yake. Majani yalikuwa mapana, hayana tundu hata moja.

"Na kesho?" aliuliza.

"Kesho pia."

Alitafuna kwa muda mrefu. "Wale viwavi," alisema, "tungewabakiza wawili."

Mkewe akamwongezea kabichi.