Uchungu wa Bibi Mpira

Mdoli alikuwa na joto.

Kitete aligundua hilo alipomwekea mkono tumboni katika chumba cha mazoezi, saa saba mchana, wenzake wote wakiwa wamekwenda kula. Alidhani ni jua la dirishani. Akavuta pazia, akangoja, akagusa tena. Joto lilikuwa palepale, la chini kwa chini, kama la mtu anayeanza homa.

Wanafunzi wa ukunga walimwita mdoli huyo Bibi Mpira. Hakuwa na kichwa wala miguu. Alikuwa tumbo na mapaja yaliyokatwa, na ndani yake mlitiwa mtoto wa plastiki ambaye kila mwanafunzi alijifunza kumtoa. Miaka nenda miaka rudi alizalishwa mara kumi kwa siku. "Huyu ndiye mzazi mwenye subira," walimtania. "Hapigi kelele, hamtukani mume."

Kitete nalo lilikuwa jina la utani. Alilipata mwaka wa kwanza, kwa sababu mikono yake ilitetemeka kila alipovaa glavu. Mtihani wa vitendo alishaufeli mara mbili. Wa tatu ulikuwa Jumatatu, na akifeli huo, afunge virago. Ndiyo maana hakwenda kula.

Alichukua ile pembe ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto, akaibana kati ya sikio lake na tumbo la mpira. Alifanya hivyo kwa mazoea tu, maana humo hamna cha kusikia.

Akasikia. Du-du, du-du, du-du. Haraka haraka, kama saa iliyofunikwa nguo.

Alitoka mbio na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mwanafunzi aliyefeli mara mbili akisema amesikia moyo wa mpira, ataambiwa ni kiwewe cha mtihani.

Kesho yake, uchungu ulikwama.

Wodi ya wazazi ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa chumba cha mazoezi. Wanawake watano walikuwa humo, na mmoja wao alikuwa dada yake Kitete, yule aliyemlea tangu mama yao afariki, na ambaye mimba hii aliingoja miaka tisa. Wote watano njia zilifunguka, watoto wakashuka vizuri, kisha wakasimama. Mlango u wazi, hatoki mtu. Daktari aliamua kupasua. Mara tatu walimwingiza mama wa kwanza chumba cha upasuaji, na mara tatu taa zilizimika kisu kilipogusa ngozi. Mara ya tatu daktari alitoka akiwa ameshika mkono wake wa kulia kama si wake.

Kufika saa nane mchana wa siku ya pili, mioyo ya watoto ilikuwa inachoka. Wodi ilinuka nywele zilizoungua, na hakuna aliyejua harufu ile ilitoka wapi.

"Mdogo wangu," dada alinong'ona, midomo imemkauka. "Sogea. Kuna kitu kimenishika kiuno kwa ndani. Kina vidole."

"Ni mtoto, dada. Anageuka."

"Namjua mwanangu. Yeye anataka kutoka. Hicho kinamzuia." Machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. "Tena kinasema."

"Kinasemaje?"

"Kinasema, mimi kwanza."

Kitete akatoka wodini. Alimtafuta mwalimu wa ukunga, mama wa makamo aliyeogopwa na chuo kizima, akamvuta hadi kwenye stoo ya mashuka na kumweleza yote. Alitarajia kufokewa. Mwalimu alikaa chini, juu ya furushi la mashuka machafu.

"Uliweka pembe," alisema taratibu. "Na mimi niliweka, nikiwa kama wewe. Nilisikia. Kumbe kuna jini mle alikuwa anaomba mkunga, mwanangu, na mimi nikafunga mlango nikanyamaza miaka yote hii. Sasa uchungu umemfika mwisho."

"Basi twende wote, mwalimu."

Walikwenda. Hatua tatu kabla ya mlango wa chumba cha mazoezi, miguu ya mwalimu ilikufa ganzi, akaanguka kama gunia. Alijaribu kutambaa, akashindwa. Akamshika Kitete upindo wa sare.

"Mzalishe kama nilivyokufundisha. Usiruke hatua. Na usimtazame usoni."

"Hana uso, mwalimu."

"Leo atakuwa nao."

Kitete akaingia, roho mkononi.

Jua lilikuwa linawaka dirishani lakini chumba kilikuwa na giza la chini ya kitanda, na juu ya meza, pale alipozoea kulala yule mdoli nusu, palikuwa na mwili mzima, mrefu, magoti yamegusa dari, nywele zimefunika sinki na kushuka hadi sakafuni ambako zilijisogeza zenyewe kumpisha, na Kitete akakaza macho yake kwenye tumbo, kwenye tumbo tu, kwa sababu pembeni kabisa mwa jicho lake aliona uso ukigeuka kumtafuta.

"Mmechelewa," sauti ilisema, si kubwa. "Kila siku mnaingiza mikono mnanitoa kile kitoto kifu, kilekile, mnacheka, mnanawa, mnakwenda kula. Wangu mnamwacha ndani."

"Nisamehe, mama." Kitete alisogea mezani. "Pumua. Usisukume kwanza. Pumua, mama."

Akavaa glavu, na hapo ng'ambo ya ukuta akamsikia dada yake akipiga ukelele ambao haukuwa wa uchungu bali wa mtu anayeaga, na mikono yake ikaacha kutetemeka, si kwa ujasiri, ila kwa kuwa hapakubaki nafasi ya kutetemeka, akashika kichwa kilichokuwa baridi kama jiwe la mtoni, akapapasa shingoni akakuta kitovu kimezunguka mara mbili, akakilegeza, akakipitisha juu ya kichwa mara ya kwanza, mara ya pili, akasema sukuma, na kitu kizito chenye utelezi kikamwangukia mikononi, kikavuta pumzi, kikalia.

Ukutani, ng'ambo, vikaitika vilio vitano kwa mpigo mmoja.

Kitete alicheka na kulia. Kisha akaona damu. Ilikuwa nyeusi, ya moto, na ilikuwa haikomi, akakikanda kizazi kama alivyofundishwa, akabana kwa mikono miwili, akaita msaada akijua hakuna wa kuja, akakanda tena mpaka mabega yakamwaka, na damu ikapita katikati ya vidole vyake ikajaza viatu.

"Usiniache," jini alisema. Hakuwa wa kutisha tena. Alikuwa mzazi tu, anaogopa. "Nani atamnyonyesha?"

"Sisi," Kitete alisema. Alisema kama unavyomwambia yeyote anayekufa, ili aende na moyo mweupe. "Sisi tupo, mama. Tutamnyonyesha."

Vidole virefu vilimbana kifundo cha mkono, vikalegea.

Jua likaingia chumbani. Mezani palikuwa na mpira uliopasuka, wa baridi. Uzito aliokuwa ameukumbatia kifuani haukuwepo tena.

Jumatatu alifanya mtihani, akafaulu. Mkono haukumtetemeka hata kidogo. Wenzake walimbeba juujuu, naye akashindwa kutabasamu.

Siku ya nane baada ya kujifungua, dada alimwita nyumbani. Alikuwa kitandani mchana kweupe, mashavu yamemwingia ndani. Mtoto wake alikuwa mapajani, analia njaa kwa sauti ndogo iliyokauka.

"Maziwa hayamtoshi," dada alisema. "Nikimweka kwenye titi hili, lile lingine linavutwa. Lenyewe. Tazama."

Akafungua khanga. Chuchu ya kushoto ilikuwa imenyooka, inavutika na kulegea, inavutika na kulegea. Hapakuwa na kitu mbele yake. Lakini kwenye mkono wa dada, juu kidogo ya kiwiko, nyama ilikuwa imebonyea kama iliyolaliwa na kichwa.

"Mwondoe," dada alinong'ona. "Wewe si mkunga? Mwondoe, atamuua mwanangu."

Kitete alijua namna moja tu ya kumtoa mtoto kwenye titi, ile ya kuingiza kidole taratibu kwenye kona ya mdomo. Akapiga magoti. Akapeleka kidole hewani, karibu na chuchu ya dada yake, akatafuta.

Akakuta mdomo. Akakuta ufizi, laini, baridi. Kisha, nyuma ya ufizi, akagusa safu ya kwanza ya meno, na nyuma yake ya pili, na yote yakafunga.