Aliyeitika Nyuma

Siku ile jioni walikuwa watatu: rafiki yangu mshonaji, wifi yake, na dereva aliyewangoja garini. Mshonaji alikuwa hajakimbia mazoezi kwenye njia ile ya msituni, kando ya ziwa, tangu ajifungue.

"Usiniache, wifi. Nina mtoto wa kunyonya, na mimi na giza hatupatani."

"Nikuache, kaka yangu anichinje? Nitakaa nyuma yako. Ukiita, nitaitika."

Ukungu ukapanda kutoka ziwani, njia ikawa giza. Kila alipoita, "Wifi, upo?" alijibiwa nyuma yake, "Nipo." Hatua zilimfuata, chapa, chapa, kama za viatu vilivyojaa maji. Alipojikwaa kwenye mzizi, mkono wa baridi ulimwinua taratibu. Akashukuru moyoni kwa kupata wifi mwenye huruma.

Alipotokeza barabarani, wifi alikuwa garini, viatu vikavu, anatafuna karanga.

"Nilichoka," alisema bila kumtazama. "Niligeuka palepale mwanzoni."

"Lakini uliniahidi," mshonaji alisema, machozi yakimlenga.

Wifi alitia karanga nyingine mdomoni. Kule mitini, sauti ileile ya wifi ikaita:

"Wifi, upo?"

Tangu siku hiyo, ukimwita mshonaji, haitiki mpaka akuone uso.