Masikio Aenda Chuo cha Ufundi

Katika kiwanda cha sabuni kila mtu aliitwa kwa kazi yake, isipokuwa mwanamke mmoja wa idara ya kuchanganya. Huyo walimwita Masikio. Kila akipita karibu na mashine, husimama kidogo, huinamisha kichwa, kisha husema, "Hii haifiki Ijumaa." Na kweli, Alhamisi mashine ilianza kuvuma vibaya.

Kwa miaka tisa Masikio alikuwa msaidizi wa fundi. Ilikuwa kichekesho, maana fundi mwenyewe alistaafu zamani na nafasi yake ikabaki wazi. Mashine ikiharibika, Masikio ndiye aliyeingia chini yake na spana. Msimamizi alisimama pembeni na simu sikioni akimwambia mwenye kiwanda, "Ndiyo mzee, naitengeneza."

Kilichowasumbua zaidi ni beringi ya mashine ya kuchanganya. Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake kuna gololi. Hiyo ndiyo inayoushika mhimili uzunguke bila kukwaruza. Kila baada ya miezi miwili ilikufa. Masikio aliitoa, akapachika mpya kwa nyundo, akapaka grisi.

"Siku hizi wanatuuzia takataka," alilalamika. Msimamizi alitazama nyundo, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Siku moja tangazo likabandikwa ukutani. Kiwanda kilitaka fundi wa idara ya kuchanganya, mwenye cheti au anayekisomea. Masikio hakungoja hata kunawa mikono.

"Bosi, ile nafasi naitaka."

Msimamizi alicheka. "Cheti unacho?"

"Nitasoma. Si kuna chuo cha jamii hapo nyuma ya soko?"

"Nilishakuambia tangu miaka minne iliyopita. Wewe uliishia darasa la saba. Kule ufundi wa mitambo ni hesabu tupu. Hawapokei watu wa aina yako. Tena kwa umri huo, si ungojee wajukuu tu?"

Masikio alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alirudi nyumbani kavimba kwa hasira. Mume wake, mshonaji, alikuwa kwenye cherehani. Jirani yao mpya, mwalimu wa karakana katika chuo hicho hicho, alikuwa amekuja kuchukua sketi yake.

"Mama watoto, nani kakuudhi?" mume aliuliza.

Masikio akayamwaga yote. Mwalimu akaiweka sketi chini.

"Nani kasema hatupokei?"

"Msimamizi."

"Na wewe ulikwenda chuoni kuuliza?"

Masikio hakuwahi kwenda. Hata siku moja.

"Miaka minne," mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa ya upole. "Miaka minne umefungiwa mlango na mtu asiye na ufunguo wake. Sikiliza, dada. Chuo cha jamii kipo kwa ajili ya watu kama wewe. Tuna masomo ya jioni kwa wafanyakazi. Asiyemaliza sekondari anaanza na hesabu za maandalizi. Na ujuzi wa kazini hatuutupi. Unapimwa karakanani, na unachokiweza hurudii kukisoma. Lakini hata mimi usiniamini hivi hivi. Nenda kwa msajili, mwambie akuonyeshe masharti yaliyoandikwa. Uliza pia kama kozi imesajiliwa na serikali. Wapo matapeli wanaouza makaratasi."

Masikio alikwenda kesho yake. Masharti yalikuwa yamebandikwa mlangoni, kwa herufi kubwa. Aliyasoma mara mbili, akaona haya na hasira kwa pamoja.

Siku ya kupimwa, mwalimu alimpa pampu mbovu. Masikio aliisikiliza, akataja ugonjwa wake, akaifungua yote. Walimu wengine wakasogea kutazama. Kisha akapewa beringi mpya. Akaiweka kwenye mhimili, akainua nyundo.

"Hapo hapo," mwalimu akasema. "Unapiga wapi?"

"Pete ya nje. Ndiyo ninayoifikia."

"Mhimili umebanwa na pete gani?"

"Ya ndani."

"Basi ukipiga ya nje, nguvu inapita kwenye gololi. Zinatia pete mashimo madogo ambayo huyaoni. Beringi inaanza kufa kabla haijazunguka." Mwalimu akachukua kipande cha bomba, akakikalisha kwenye pete ya ndani tu, akagonga taratibu pande zote. Beringi ikaingia.

Beringi zote zile, miaka tisa, Masikio alikuwa akiziua kwa mkono wake mwenyewe.

"Hili somo ni la mwaka gani?" aliuliza.

"Mwezi wa kwanza. Kila aliyepita hapa analijua."

Msimamizi naye alikuwa amesoma hapo. Cheti chake cha chuo hicho kilining'inia ofisini, ndani ya fremu. Kumbe miaka yote hiyo alijua.

Alipokelewa. Jioni alisoma, na hesabu zilimtoa jasho. Nukta za desimali zilimchanganya mpaka mume alipomtandikia futi ya kushonea mezani. "Hii sentimita, hivi vijistari ni milimita. Mimi nakata suruali kwa desimali kila siku, sema sikujua jina lake." Walicheka, wakaendelea.

Kazini beringi ilipokufa tena, Masikio alipachika mpya kwa bomba. Miezi miwili ikapita, ikawa sita. Mashine ilinguruma vizuri tu. Ilipotimia miezi kumi, mwenye kiwanda akashuka mwenyewe kuuliza kulikoni beringi hazinunuliwi tena.

Msimamizi akawahi kujibu. "Huyu nimemfundisha mimi, mzee."

Wafanyakazi wakaacha kazi. Masikio akafuta mikono kwa kitambaa.

"Hapana, mzee. Huyu alinipita miaka tisa nikiwa na nyundo mkononi. Alijua nakosea. Alinyamaza. Na nilipotaka kusoma, alinidanganya kwamba chuo hakinitaki."

"Ni kweli?" mwenye kiwanda aliuliza.

Msimamizi akajitia kuangalia saa. "Hakuniuliza."

Mwenye kiwanda akamgeukia Masikio. "Ile nafasi bado iko wazi. Kuanzia Jumatatu, wewe ni fundi wa idara hii."

"Asante, mzee. Cheti kitafuata mwakani." Kisha akainua kile kipande cha bomba na kuwaita wenzake. "Sogeeni. Kila mtu akishike, aone kinapokaa."

Mwanamke wa kufunga sabuni alikuwa wa mwisho kukishika. Hakukirudisha upesi.

"Mimi niliishia la sita," alisema kwa sauti ya chini. "Kweli watanipokea?"

"Usiniulize mimi, wala usimwulize yeye," Masikio alijibu. "Ofisi ya msajili inafungwa saa kumi. Vua aproni, twende."